Heko kwa Wachora Ramani za Moto

Ukiutazama kutoka Msasani, Tukuyu, Mlima Rungwe ni kijani tu. Wachora ramani hawadanganyiki: kiangazi, kuanzia Juni, nyasi za juu hukauka, na moto wa shamba au wa mrina asali hupanda mteremko upesi.

Setilaiti ya Suomi NPP, iliyorushwa 2011, hutambua joto katika vipande vya ardhi vya mita 375. Kazi yenyewe huanzia hapo: kuoanisha alama za moto wa miaka iliyopita na mwinuko, ukavu wa majani, njia na mashamba, mpaka penye hatari papakwe rangi nyekundu. Mawingu ya Rungwe, kwa bahati mbaya, huiziba setilaiti macho.

Na kuna cha kulinda: katika msitu wa mlima huo anaishi kipunji, kima aliyetambulishwa kwa wanasayansi 2005. Heko kwa wachora ramani; sasa ramani ziwafikie wenyeviti wa vijiji kabla ya Juni.