Zege, Pizza na Swali la Asili

Kuna hukumu nimeisikia mara nyingi, na zaidi kutoka kwa Watanzania wenzangu kuliko kwa wageni: "Zanzibar pizza siyo pizza." Inasemwa kwa kujiamini, kama mwalimu anayesahihisha insha kwa kalamu nyekundu. Msemaji ameshakula pizza ya mjini, ile ya kwenye boksi, au amewahi kufika Ulaya, na sasa anatusaidia sisi tusiojua. Mimi nimeipenda pizza tangu utotoni, kabla hata sijaiona, kwa hiyo maneno haya yananihusu. Nataka kuyajibu kama tunavyojibu hukumu juu ya kitabu, yaani kwa kuangalia kazi yenyewe imefanya nini, na cheti chake cha kuzaliwa tukiache kabatini kwanza.

Nimekulia Kidugala, Wanging'ombe, mkoani Njombe. Wanaopajua wanapajua kwa misheni ya Kilutheri iliyoanzishwa na Wamisionari wa Berlin mwishoni mwa karne ya 19, na kwa shule yake. Wasiopajua ukiwaambia "huko kwenye baridi" inatosha. Chakula cha huko kinaendana na baridi hiyo: ugali, maharage, makande, viazi, mboga za majani, na ulanzi kwa wakubwa msimu wake ukifika. Neno pizza lilitufikia kabla ya pizza yenyewe. Lilikuja na filamu za kwenye kibanda cha video, vijana wanne wamekaa chini, wanafungua boksi, mmoja ananyanyua kipande na kitu cheupe kinavutika kama ulimbo. Tulibishana sana kile cheupe ni nini. Hatimaye tukakubaliana ni yai.

Basi siku tulipopelekwa Makambako tukamwona muuza chipsi akimwaga mayai juu ya viazi kwenye kikaango, yai likashika pande zote, likageuzwa, likatoka duara kamili, hatukuhitaji mtu wa kutueleza. Pizza ndiyo hii. Kwa miaka kadhaa sisi watoto wa kwetu tuliita chipsi mayai hivyo, mpaka mtu mmoja mzima wa mjini akatucheka mbele za watu.

Makambako inakifaa sana chakula hiki. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inapita hapo, ya kwenda Njombe na Songea inachepukia hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni hapo. Mji wa njia panda hauna subira na sufuria ya maharage. Abiria ana dakika kumi, konda anapiga kelele, dereva wa lori anataka kitu kitakachomfikisha Mbeya. Chipsi mayai hutoka kwa dakika chache, hushibisha, na hubebeka kwenye mfuko.

Mitaani inaitwa zege, na sijui jina la chakula lililotungwa kwa ujanja kuliko hili. Kokoto ni viazi, saruji ni yai, na kikishashika unaweza kujengea siku nzima. Ila jina hilo ni kipimo pia. Zege baya unalijua mapema: viazi vimekaangwa asubuhi vikalala kwenye kioo hadi jioni, mafuta yameona mengi, yai limeungua chini na juu bado linatetemeka, mchanganyiko unavunjika ukiuchoma kijiti. Zege zuri lina viazi vilivyotoka kwenye mafuta muda huo huo, chumvi imeingia mapema, yai limefika mpaka katikati bila kukauka, pembeni kuna ukoko mwembamba, na kachumbari imewekwa kando ili isilowanishe kazi. Muuza chipsi anayeweza kufanya hivyo mara mia kwa siku, kwa moto wa mkaa usio na namba za kusoma joto, ni fundi.

Mwalimu wangu wa uhakiki alikuwa bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuwahi kuandika mstari mmoja. Kila chakula alikipima kwa maswali matatu: Kimeiva? Kinashibisha? Kimefika kwa wote? Dada yangu mkubwa alipopata kazi Dar, alikuja likizo na pizza halisi. Ilikaa kutwa kwenye basi mpaka Makambako, kisha ikapanda bodaboda hadi Kidugala, na ilipofika ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu. Bibi akaipasha kwenye sufuria juu ya mkaa, akafunika, akasubiri mpaka jibini ikalainika. Nilikiona kile cheupe kikivutika na nikafurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Tulikuwa watu kumi na mmoja na vipande vilikuwa vinane. Dada akachukua kisu akaanza kugawa upya. Bibi alitafuna chake polepole mpaka kikaisha, kisha akasema, "Mjukuu wangu, huu ni mkate mzuri. Ila aliyeukata hakutujua."

Nimesoma uhakiki mwingi tangu siku hiyo, na bado sijapata sentensi iliyosema mengi hivyo kwa maneno machache hivyo.

Tuichukue sasa hiyo asili inayotumiwa kutupigia. Pizza tunayoijua ni ya Napoli, Italia. Nyanya zilizo juu yake zimetoka Amerika. Zilifika Ulaya katika karne ya 16, na zilichukua muda mrefu kuaminiwa mezani. Ilikuwa chakula cha mtaani cha maskini wa mji wa bandari. Hadithi inayopendwa inasema mwaka 1889 mpishi Raffaele Esposito alimwandalia Malkia Margherita pizza yenye rangi za bendera ya Italia, yaani nyanya nyekundu, jibini nyeupe na majani mabichi ya rihani, ikapewa jina lake. Wanahistoria wameitilia shaka hadithi hiyo, lakini angalia kazi inayofanya: chakula cha maskini kimetafutiwa malkia wa kukithibitisha. Mwaka 2017 UNESCO ikaiweka kazi ya mafundi pizza wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Na ile picha ya vijana wanne na boksi moja? Hiyo ni ya Marekani, ilikopelekwa na wahamiaji. Napoli kila mtu hukaa na pizza yake nzima. Kwa hiyo hata anayetusahihisha huenda anatetea tafsiri ya Kimarekani akidhani anatetea asili.

Sasa nenda Forodhani, Mji Mkongwe, jua likishazama. Bustani ile ilikarabatiwa na shirika la Aga Khan ikafunguliwa upya mwaka 2009, na usiku inajaa taa, moshi na wapishi wenye kofia ndefu nyeupe. Mpishi anachukua donge la unga lililolala kwenye mafuta, analibonyeza na kulivuta kwa vidole mpaka linakuwa kama karatasi. Katikati anaweka kipande kingine kidogo cha unga ili chini pasitoboke. Nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho, jibini laini ya kopo, mayonezi, yai moja. Anavuruga humo humo kwenye unga, anakunja pembe nne kama bahasha, anaitupa kwenye chuma cha moto. Hakuna oveni, hakuna mchuzi wa nyanya juu, umbo ni mraba, na mambo yote yako ndani. Ukiiweka kando ya mantabali, au ya mutabbaq ya Yemen na Uarabuni, utaona ndugu wa damu. Kutoka kwa pizza imechukua jina tu.

Watu huita huo ni udanganyifu. Mimi naona ni tafsiri, na tafsiri ya aina tunayoiheshimu tukiikuta kwenye vitabu. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare inayohusu mfanyabiashara wa Venice. Kwa Kiingereza jina linataja mfanyabiashara mmoja. Nyerere akaandika Mabepari wa Venisi. Mmoja akawa wengi, na neno bepari, ambalo zamani lilimaanisha mfanyabiashara tu na lilitufikia kutoka India, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha lilikuwa limeshabeba mzigo mwingine kabisa. Hakuna msomaji makini anayesema Mabepari wa Venisi siyo Shakespeare kisha akaishia hapo. Tunauliza: jina hilo limefungua nini? Limetuonyesha nini ambacho asili haikukisema kwa sauti? Hiyo ni Italia iliyoingia katika Kiswahili cha shule zetu, na iliingia ikiwa imevaa nguo zetu. Pizza ya Forodhani inastahili kuulizwa maswali yale yale.

Nikiiuliza kwa maswali ya bibi, inajibu hivi. Kimeiva? Mpishi akiwa na haraka, katikati hubaki unga mbichi; akiwa na subira, ukoko unalia ukiuma na ndani kuna unyevu wa yai na kitunguu. Kinashibisha? Ndiyo, bila ubishi. Kimefika kwa wote? Hapa inalegea. Zinapikwa moja moja kwa mteja mmoja mmoja, na mteja anayefikiriwa kwanza siku hizi ni mgeni mwenye kamera. Ndiyo maana kuna ya chokoleti na ndizi, na ndiyo maana bei hubadilika kufuatana na lafudhi yako. Huo ndio uhakiki wa haki. Kusema siyo pizza hakumsaidii mtu yeyote kuila wala kuipika vizuri zaidi.

Kwetu Njombe kuna jambo la kuchekesha kidogo. Mjini kuna kiwanda cha maziwa kilichoanzishwa kwa msaada wa CEFA, shirika la Kiitalia, na kinatengeneza jibini za Kiitalia, mozzarella ikiwemo. Ng'ombe wanakula majani ya Njombe, wafugaji wanapeleka maziwa, na jibini inashuka kwenda kwenye meza za mbali. Ngano inalimwa nyanda zetu, nyanya zinajaa Ilula mkoani Iringa. Yaani pizza nzima imelala kwenye udongo wa Nyanda za Juu Kusini, ila haijapata wa kuiamsha kwa bei ya mkulima. Viazi navyo vinaondoka kwa malori, kwenye magunia ya lumbesa yaliyoshonewa kilemba juu, mkulima akilipwa gunia moja kwa mzigo wa gunia na nusu. Zege ni sehemu ya viazi hivyo iliyokataa kuondoka. Iliwahiwa njiani, ikapikwa na watu wa njia panda, ikaliwa hapo hapo.

Lakini angalia tunavyoisema. Kwenye mikutano ya shule, kwenye mahubiri, kwenye hadithi fupi zetu nyingi za mafunzo, chipsi huingia kama chambo. Binti "alihongwa chipsi" na lifti ya bodaboda, na mwisho wake unaujua kabla hujafungua ukurasa. Sisemi hatari hiyo haipo. Ipo, na wanaume wanaowinda wanafunzi wapo. Lakini mwandishi anayeweka kosa lote kwenye sahani amemwacha mwindaji aondoke salama, na amemnyima binti njaa yake, ambayo ni ya kawaida na ya halali.

Kabla hajaenda Dar, dada yangu alifanya kibarua cha kuvuna viazi, na malipo yake ya kwanza alinipeleka nayo Makambako. Alinunua zege moja, vijiti viwili. Alikata katikati kwa kijiti, akasogeza upande mkubwa kwangu, akasema, "Kula mdogo wangu, kabla halijapoa." Mama mmoja tuliyemfahamu kwa kusali naye alipita, akasimama, akatutazama, akauliza, "Nani kawanunulia?" Dada akajibu kwa heshima zote, "Shikamoo mama. Viazi." Yule mama akaondoka bila kuelewa. Mimi nilielewa miaka mingi baadaye kwamba nilikuwa nimesikia jibu ambalo hadithi zetu zilikuwa bado hazijajifunza kulitoa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Pizza ya boksi ya Dar ni tafsiri ya neno kwa neno: sahihi, nadhifu, na bei ya moja inatosha sahani nyingi za zege. Naipenda na nitaendelea kuila. Pizza ya Forodhani ni tafsiri huru, yenye ujasiri, na huharibika mpishi anapoanza kumpikia mpiga picha. Zege ni utunzi. Haijaazima jina la mtu wala kutafutiwa malkia, na kati ya hizo tatu ndiyo pekee inayoweza kujibu ndiyo kwa maswali yote matatu ya bibi, mradi mafuta ni ya leo na vijiti vinatosha. Bibi ameshatangulia mbele za haki. Waandishi wetu wakitaka kuanza mahali, waanze na yule aliyesimama nyuma ya kikaango pale stendi ya Makambako, anayejua kwa sikio tu yai limeshika au bado.