Fundi Anayeiuliza Mashine

Hewa ya Gongoni, pwani ya Kenya, inatafuna shaba. Mashamba ya chumvi yametanda kuanzia hapo kuelekea Marereni na Kurawa, na aliyewahi kuchomoa kebo ya kompyuta katika ofisi za huku ameiona ile kutu ya kijani kwenye vichwa vyake. Kwa hiyo kadi mpya ya mtandao ilipokataa kazi kwenye kompyuta ya Unix ya ofisi moja, kila mtu alikwisha kumjua mkosaji: chumvi. Vijana wakabadilisha kebo. Wakazima, wakawasha. Wakaanza kuzungumzia kununua kadi nyingine.

Fundi aliyeitwa alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu wa mikono. "Weka bisibisi kwanza, mwanangu," akamwambia aliyekuwa tayari kufungua sanduku. "Tuiulize yenyewe."

Akaiuliza hatua kwa hatua. Je, mfumo ulipowaka uliitambua kadi? Uliitambua. Anwani je? Ipo, na taa ya kijani inawaka. Akapiga ping kwa 127.0.0.1, kisha kwa anwani ya kadi yenyewe, kisha kwa kompyuta ya jirani, kisha kwa ruta. Kote akajibiwa. Vijana wakashangilia, mmoja akaanza kukusanya vifaa vyake. Fundi hakusogea. Akatuma faili kubwa, nalo likaanza kujikokota, likasita, likakwama.

Hapo ndipo nilipompenda fundi huyu. Aliandika netstat -i, akasoma safu ya migongano, akangoja, akaiandika tena, akalinganisha. Namba ilikuwa imepanda, na ikazidi kupanda kila faili lilipojaribu kupita. Hakusema neno. Akainuka, akaenda kuitazama swichi kuukuu pembeni, akarudi na jibu: zamani mtu aliifunga swichi ile iseme na kusikia kwa wakati mmoja, wala haikubali kujadiliana na yeyote. Kadi mpya, ilipokosa wa kujadiliana naye, ikachukulia kwamba ni lazima wapokezane. Ujumbe mdogo wa ping ulipenya. Mzigo mzito uligongana njiani. Amri moja tu, kadi ikawekwa sawa na swichi, na faili likapita. Chumvi haikuwa na kosa lolote siku ile.

Kisha akatoa daftari, akaandika kwa kalamu: tarehe, aina ya kadi, dalili, chanzo, dawa.

Vyombo alivyotumia vina umri wa mtu mzima. Ping iliandikwa na Mike Muuss, Mmarekani, Desemba 1983, kwa sababu mtandao uliokuwa mbele yake ulikuwa na ukorofi asiouelewa. Aliiandika kwa muda wa jioni moja hivi, na hadi leo hutupwa kama nahodha anavyotupa bildi kujua kina kabla ya kuingiza chombo bandarini. Muuss alifariki mwaka 2000. Mwaka huohuo, huko Cape Town, zilianza warsha za AfNOG, jukwaa la waendeshaji mitandao wa Afrika, zilizofika Kampala 2003, Nairobi 2006 na Dar es Salaam 2011. Humo Waafrika walikalishwa mbele ya mashine za FreeBSD, mfumo wa jamii ya Unix, wakafundishwa kusoma kile mashine inachosema.

Na Magarini, eneo lenye Gongoni na mashamba haya ya chumvi, hasa haina haki ya kuuona ufundi huu kuwa mgeni. Hapo Ngomeni Waitaliano walijenga kituo cha San Marco, na tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, jukwaa lake la baharini lilirusha setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei angani. Urushaji wa mwisho ulikuwa 1988. Antena za nchi kavu zimebaki kazini, nazo zimekuwa zikipokea data za setilaiti ya Swift, iliyorushwa 2004. Kazi kama hiyo haiwezekani kwa kukisia.

Lakini kukisia ndiko kulikotutawala. Kifaa kikisita, kinazimwa. Kikisita tena, kinatupwa. Nimeona kadi nzima, zisizo na dosari, zimelundikwa kwenye katoni pamoja na nyaya mbovu, na hakuna aliyeuliza kama ziliwahi kuharibika. Vijana wetu wana akili kuwashinda waliowatangulia, ila hatukuwapa muda wa kukaa na tatizo mpaka lijieleze. Tunawalipa kwa haraka yao, na hatuulizi kwa nini hitilafu ileile inarudi mwezi ujao.

Mafundi wa namna ile wanaelekea kustaafu, na madaftari yao yatabaki kwenye makabati ya nyumbani. Ninyi mnaosomea kazi hii Malindi, Gongoni na Marereni, waendeeni wangali wapo. Waombeni mkae karibu wanapofanya kazi, na muwaombe ruhusa ya kuyanakili madaftari hayo.