Ufundi Unaojifuta

Darasa la Gredi ya Kwanza husikika kabla ya kuonekana. Ukipita nje ya shule ya msingi yoyote ya mtaa wa Waithaka saa mbili asubuhi, sauti hukufikia barabarani: ba, be, bi, bo, bu. Wengi hudhani ni watoto wanaokaririshwa tu, nao huendelea na safari zao. Lakini ukipata nafasi ya kukaa dawati la nyuma na kumtazama mwalimu badala ya wanafunzi, utaona fundi kazini, na kazi yake kubwa ni kupima.

Mtazame ubaoni. Anaandika ma, to, pe. Anafunika silabi mbili kwa kiganja na kuacha ya kwanza. Watoto wanaisoma. Anafunua ya pili, halafu ya tatu. Akiondoa mkono, darasa zima linapaza sauti, “Matope!” na kicheko kinafuata, maana msimu wa mvua za Aprili matope ya Waithaka kila mtoto ameyabeba kwenye viatu.

Kile kiganja kina sababu. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza kile kinachoitwa kumbukumbu ya kazi, yaani sehemu ya akili inayoshikilia yale tunayoyashughulikia sasa hivi. Ni ndogo mno. Mwaka 2001 Nelson Cowan wa Marekani alikadiria kuwa mtu mzima hushika mambo kama manne kwa mara moja, na mtoto wa miaka sita hushika pungufu ya hapo. Sasa piga hesabu. Neno matope likisomwa herufi moja moja ni mambo sita. Mtoto akifika e, m imeshamponyoka. Likisomwa kwa silabi ni mambo matatu, nayo yanatosha kiganjani mwa akili yake. Mwalimu anapofunika ubao anampunguzia mtoto mzigo ufike uzani anaouweza.

Kiswahili chenyewe kinamuunga mkono. Irabu zake ni tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika, na silabi nyingi huishia na irabu. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa lugha kadhaa za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa kusoma. Wale wa lugha ambazo maandishi yanafuata matamshi, kama Kifini na Kiitaliano, walisoma karibu kila neno sawasawa. Wa Kiingereza walipata kama theluthi moja tu. Mtoto wa Waithaka anavuka mpaka huo kila siku: kipindi kimoja a ni a ileile popote, kinachofuata ni cha Kiingereza na a hiyohiyo imegeuka kila inapotokea.

Hata hivyo, unyoofu wa Kiswahili haumalizi kazi. Mwaka huohuo wa 2003, Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wa Tanzania, wakaonyesha kwamba kujifunza kuandika lugha inayofuata matamshi bado si jambo jepesi. Na Waithaka kuna lugha ya tatu. Katika nyumba nyingi mtoto amelelewa kwa Kikuyu, lugha isiyotenganisha l na r. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba mtoto mchanga hutambua hata tofauti za sauti za lugha asizozisikia nyumbani, lakini uwezo huo hufifia kabla hajatimiza mwaka mmoja, kwa kuwa sikio lake limejifungia kwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo mtoto anayeandika “nataka kura” wakati tumbo linanguruma si mzembe. Ameandika alichosikia.

Hapa ndipo mwalimu mzuri anapojitenga na mwenye kiboko. Anachora sahani upande mmoja na sanduku la uchaguzi upande mwingine. Anawaambia watoto watazame ulimi wake unapotua kwenye kula na unapogonga kwenye kura. Kwa kuwa sikio peke yake halitoshi, analiongezea jicho, kinywa na maana. Anajua pia kuwa jina la mtaa wao lenyewe lina mtego: th ya Waithaka hutamkwa kama dh ya dhahabu, huku th ya Kiswahili ikiwa ya thelathini. Hachanganyi yote siku moja. Th inangoja zamu yake.

Kungoja huko ndiko kunakotawala pia b na d. Stanislas Dehaene wa Ufaransa, aliyechunguza jinsi ubongo unavyosoma, anaeleza kuwa macho yetu yalizoea tangu kale kukihesabu kitu na taswira yake ya kwenye kioo kuwa kitu kimoja. Kikombe ni kikombe, mkono uwe kushoto au kulia. Maandishi yana umri wa miaka kama 5,000 tu, kwa hiyo ubongo wa kila mtoto unalazimika kuisahau kanuni hiyo kwa ajili ya herufi. Mwalimu anafundisha b hadi izoeleke, watoto wakiichora hewani kwa mkono mzima, na wiki kadhaa zinapita ndipo d inabisha hodi.

Halafu anafuta ubao. Mgeni huona kama anaharibu kazi yake. “Neno la pili lilikuwa gani?” anauliza, na watoto wanakunja nyuso wakilitafuta. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo. Waliorudia kusoma kifungu walikumbuka zaidi baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja, waliojaribu kukikumbuka bila kukitazama ndio waliokuwa mbele. Jasho la kukumbuka ndilo linalokaza jambo. Ndiyo maana ma ya Jumatatu inarudi Alhamisi, na inarudi tena majuma mawili baadaye ikiwa imefichwa katikati ya silabi nyingine.

Utafiti unatoa wastani, na darasa halina mtoto wa wastani. Kuanzia 2015 mpango wa Tusome uliwapa walimu wa Kenya mwongozo wa somo la kila siku na wanafunzi vitabu vyao, na msaada huo ulikuwa mkubwa. Lakini mwongozo hausikii. Katika ile ba, be, bi ya pamoja yupo mtoto anayechezesha midomo tu, akielea juu ya sauti za wenzake. Mwalimu amemwona. Anamwita yeye, peke yake, kwa silabi anayojua kwamba anaikaribia. Vidole vya wenzake vimeshapaa, “Tichaa! Tichaa!” Anavishusha kwa jicho moja, kisha anangoja. Akimjibia mapema, amemnyang’anya fursa ya kuitafuta, akichelewa, amemwaibisha. Muda ulio kati ya hayo mawili anaupima upya kwa kila mtoto.

Kazi hii ikifanikiwa hujifuta. Mwaka 1935 John Ridley Stroop alionyesha kuwa mtu akiambiwa ataje rangi ya wino, neno “nyekundu” lililoandikwa kwa wino wa kijani humkwaza, kwa sababu hawezi kujizuia kulisoma. Kusoma kukishazama namna hiyo, hatukumbuki tena wakati ambapo ma ilikuwa mistari tu. Tunamsahau pia aliyetuvusha. Kwa miaka mingi, hadi KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, mwalimu wa watahiniwa ndiye aliyebebwa juu matokeo yalipotoka, ilhali kila swali la mtihani ule lilisomwa kwa ujuzi uliotoka darasa la kwanza. Mwalimu mkuu anayegawa madarasa Januari angefanya vyema kumweka huko fundi wake bora.