Kivuli cha Wino Kwenye Tablo ya Nyumbani

Mtu mwenye buro ndogo nyumbani kwake Oicha, eneo la Beni, huandika leo bei za kakao kwenye tablo nyeupe, na jioni huzifuta kwa kidole bila taabu. Zile za mwezi uliopita hazitoki. Kifutio kinapita mara kumi, namba zinabaki kama kivuli cha kijivu. Wengi hulaumu kalamu, kumbe mara nyingi chanzo ni muda wino uliokaa pale na namna ubao ulivyosafishwa mara ya mwisho.

Wino huo una chembe za rangi, utomvu wa kuzishikanisha, alkoli ya kuuyeyusha utomvu, na kiasi kidogo cha mafuta maalumu yanayozuia rangi isigande. Alkoli huruka ndani ya sekunde chache. Mafuta hubaki chini ya rangi kama mkeka, kifutio kikaja kukokota vyote pamoja. Maandishi yakikaa siku nyingi, hasa yakipigwa na jua la dirishani, mkeka huo huisha nguvu na rangi ikashika ubao wenyewe.

Ubao nao hutofautiana. Tablo za bei nafuu huwa na ngozi nyembamba ya melamini juu ya mbao zilizoshindiliwa, na ngozi hiyo ina vishimo visivyoonekana kwa macho. Zile za chuma kilichopakwa enameli na kuchomwa kwa joto la nyuzi 800 hivi hazina vishimo hivyo, lakini bei yake ni ya shule kubwa na hospitali.

Katika namna ya kusafisha tablo ndipo historia ya karibuni ya Beni inapoingia. Tarehe 1 Agosti 2018 ulitangazwa mlipuko wa Ebola ulioanzia Mangina na kufika mpaka Oicha. Ulipomalizika tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Katika miezi hiyo klorini na alkoli ya mikono vilikuwa kila mahali, na mkono wa mtu ukazoea kuvichukua kwa kila uchafu.

Klorini haifai kabisa kwa tablo. Maji ya klorini, yawe ya asilimia 0.05 ya kunawa mikono au 0.5 ya kusafishia vitu, huua virusi lakini hayayeyushi utomvu wa wino. Yakirudiwarudiwa hula fremu ya chuma.

Alkoli ya mikono ni habari nyingine. Ina nguvu ya kuyeyusha, kwa hiyo kivuli hutoka papo hapo, na mtu huondoka ameridhika. Shida huanza kesho yake. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya kutengeneza lita 10 za dawa hiyo inataka mililita 145 za gliserini, ili ngozi ya mikono isikauke. Gliserini hairuki kama alkoli. Hubaki ubaoni kama utando unaonata. Vumbi la barabara likiingia dirishani hukaa juu yake, wino mpya haushiki sawasawa, na ukikauka hufutika kwa mabaka. Mwenye buro humwaga dawa zaidi, naye huongeza gliserini zaidi.

Dawa ya mikono basi itumike, ila isiwe ya mwisho. Baada yake ubao upitishwe kitambaa cha maji yenye sabuni kidogo, kisha maji matupu, kisha ukaushwe mpaka usiteleze chini ya kidole. Alkoli tupu ya farmasi, ya nyuzi 70 au 90, ni bora zaidi kwa kuwa haina gliserini. Itumiwe mlango ukiwa wazi, mbali na mshumaa na jiko la makala. Kitambaa kiwe cha pamba kuukuu. Kitenge kipya kinaweza kuachia rangi yake alkoli ikikigusa, na chuma cha kusugulia sufuria huchana melamini pasipo dawa ya kuirudisha.

Alkoli ikikosekana kabisa, kalamu yenyewe inasaidia: mtu hupitisha wino mpya juu ya ule wa zamani na kufuta haraka kabla haujakauka, kwani alkoli iliyomo huulainisha utomvu mkavu ulio chini.

Tablo iliyochakaa kupita hapo ina njia moja nzuri, kioo cha dirisha. Hukatwa kwa kipimo, kingo zikasuguliwa zisikate mikono, kikafungwa juu ya ubao uleule wa zamani uliopakwa rangi nyeupe. Kioo hakina vishimo vya kumeza wino, na namba za mwezi mzima hutoka kwa kitambaa chenye unyevu.