Mawese ni ya kula, si ya kutema

Wasomi wenzangu, hii mambo ya kusukutua mafuta mdomoni dakika 15 mpaka 20 imetufikia hata Luberizi. Ni desturi ya zamani ya Wahindi, sawa. Lakini eti inatoa sumu mwilini? Lile povu unalotema ni mafuta yaliyochanganyika na mate, basi. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani hakiishauri, ushahidi hautoshi.

Miye nilisoma kilimo, na kinachoniuma ni mawese. Ule wekundu njo karotini. Mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ya kulinda macho ya watoto. Inaingilia kwenye matumbo, haiingilii kwenye fizi. Sasa unatema? Kijiko hicho kitie ndani ya sombe. Meno, chukua mswaki na dawa yenye floridi.