Odera Oruka na Lugha ya Majadiliano

Mwanafalsafa msafiri ni mhusika wa kale katika fasihi ya dunia: huwaendea watu wa mbali, akauliza, akajibiwa, na pande mbili zikafahamiana. Henry Odera Oruka (1944–1995), wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliifanya kazi ya mhusika huyo katika maisha halisi. Kuanzia miaka ya 1970, yeye na wenzake walitoka Nairobi wakaenda vijijini kujadiliana na wazee wasifikao kwa hekima. Matokeo yake ni kitabu *Sage Philosophy*, kilichochapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1990.

Sifa kuu ya kitabu hiki ni uzito wa maswali yake. Oruka hakutosheka na methali wala maelezo ya mila. Alimtenga mzee ahifadhiye hekima ya watu wake na yule aipimaye kwa akili yake mwenyewe. Paul Mbuya Akoko ni mfano bora wa huyo wa pili, kwani anashikilia kuwa Wajaluo walikosea kudhani kwamba Mungu wao ni wao peke yao, hali Mungu ni mmoja kwa watu wote.

Mwaka 1981, Peter Bodunrin wa Nigeria alikwisha kutoa pingamizi: fikra izaliwayo na maswali ya msomi ni mali ya nani, mzee au msomi? Oruka alijitetea kwamba wanafalsafa wote huchochewa na wenzao. Utetezi huo ni wa haki, lakini haumtoshelezi mwanaisimu. Wazee wengi walisema kwa lugha zao. Msomaji anawasikia kwa Kiingereza. Kwa hiyo hawezi kupambanua lipi ni neno la mzee na lipi ni la muulizaji au mfasiri.

Hasara hiyo si ndogo. Kwa Kijaluo Mungu huitwa Nyasaye, na Waluhya wengi hulitumia jina hilo hilo, ingawa lugha zao si za jamii moja. Jina lenyewe limekwisha kuvuka mpaka ambao hoja ya Mbuya inakusudia kuuvuka. Likishafasiriwa, ushahidi huo hufifia.

Majadiliano ya namna hii yastahili kuchapishwa kwa lugha asilia, na tafsiri kando yake. Hapo ndipo swali la Bodunrin litakapoweza kujibiwa kwa ushahidi wa maneno.