Ofisa Uhusiano na Imani ya Wateja

Uhusiano wa umma ni kazi ya kuifanya biashara iaminike kwa wateja, majirani, wafanyakazi na waandishi wa habari. Kwa kuwa matunda yake hayaonekani kaunta, mara nyingi hudharauliwa, tena bila haki.

Mwaka 1906 Ivy Lee, mwandishi wa habari wa Marekani aliyegeuka mshauri wa makampuni, aliahidi magazeti taarifa sahihi na za wazi. Reli ya Pennsylvania ilipopata ajali, aliwapeleka waandishi hadi eneo la tukio badala ya kuwafungia mlango.

Mfano unaostahili pongezi zaidi ni wa 1982. Katika eneo la Chicago watu saba walikufa baada ya kumeza kapsuli za dawa ya maumivu ya Tylenol zilizotiwa sianidi na mtu asiyejulikana hadi leo. Sumu haikutoka kiwandani, na kampuni ya Johnson & Johnson, iliyotengeneza dawa hiyo, ingeweza kujificha nyuma ya mawakili. Badala yake ilisimamisha matangazo, ikawaonya watumiaji, ikafungua simu ya bure kwa wenye maswali, kisha ikaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100. Uamuzi wa namna hiyo (si maneno matamu) ndio kiini cha kazi yenyewe. Mauzo yaliporomoka, lakini kabla mwaka haujaisha dawa ilirudi sokoni ikiwa na kifungashio chenye vizuizi vitatu, na wateja wengi wakairudia. Serikali ya Marekani nayo ikaagiza dawa za namna hiyo zifungwe kwa namna inayoonyesha kama zimechezewa.